Mwaka Tuliomnyoa Bwana Mtendaji

Maiti ni mteja mzuri. Nasema kwa uzoefu, si kwa dharau: hatikisi kichwa, haulizi mbona umeniacha chogo upande, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia nitapita kesho. Kwa hiyo Veronika, binti wa Bwana Anselmi, aliponipigia simu kutoka Kahama akasema, "Babu Kulwa, baba ametutoka, na aliagiza anyolewe na wewe, siyo mtu mwingine," habari ya kunyoa haikunishtua. Nilishtuka nilipotoka nje simu ikiwa sikioni, nikatazama juu, nikaona mawingu. Yalikuwa ya kwanza mwaka huu, meusi, yamesimama juu ya Kishapu kama ng'ombe waliogoma kuvuka mto. Nikasema moyoni, mzee wewe, siku ya kufa umeichagua. Nikarudi ndani, nikafunga wembe kwenye kitambaa, nikaenda kupanda gari.

Nyumba yake iko upande ule wa Kahama ambako, enzi mgodi wa Buzwagi umepamba moto, malori yalikuwa yanatimulia watu vumbi mpaka kwenye mboga. Nilikuta wanaume nje wamekaa kwenye viti vya plastiki, wanawake ndani wanaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini. Nikaamkiwa shikamoo na watu ambao wenyewe wanaamkiwa shikamoo, ndipo nikajua kweli nimezeeka. Wakanipeleka chumbani. Amelazwa, shuka jeupe mpaka kifuani, kofia ya sufu kichwani. Nikaivua ile kofia. Nywele zilikuwa ndefu, nyeupe, zimesimama kama pamba ambayo haijafika kwenye kinu. Nikabaki nimesimama na kofia mkononi. Veronika akadhani ni uzee, akaniletea kiti. Acha adhani. Kichwa kile nilikuwa nimewahi kukinyoa upara mara moja tu, zaidi ya nusu karne iliyopita, nikiwa kijana, na mara ile nusura kimuue mwenyewe.

Mwaka wenyewe ni ule wa pili baada ya Uhuru. Mimi nilikuwa na elimu ya darasa la nne na mdomo wa darasa la kumi na mbili. Nilikuwa kinyozi pale Mwamalole, huku kwetu Kishapu, safari ya baiskeli kutoka Mhunze, kwenye baraza ya duka la Mhindi, nina kiti kimoja cha mbao za masanduku na kioo kilichopasuka katikati, ukijitazama unajiona una midomo miwili. Nilikuwa nawaambia wateja, huo wa chini ni wa kulia chakula, wa juu ni wa kusengenyea. Siku moja lori la pamba likasimama, akashuka kijana mmoja mwembamba, suruali imepigwa pasi lakini imejaa vumbi, akashusha baiskeli, akashusha mashine ya kuandikia, halafu akashusha mto wa kulalia ambao ndani yake kulikuwa na bendera. Ndiye Bwana Anselmi, anatoka Songea huko kusini. Alikuwa na umri wa kuoa na masharubu ya mtoto wa shule. Akaja moja kwa moja kwenye kiti changu nimpunguze nywele.

"Wewe kinyozi, Kiswahili unakijua?"

"Nakijua, bwana. Mpaka cha kusalimia wakubwa: shikamoo."

"Marahaba. Na Kisukuma?"

"Hicho ndicho naotea ndoto."

"Basi kesho utakuja barazani, unitafsirie."

"Na vichwa vya watu nani atavinyoa?"

"Nchi ni mpya, ndugu yangu. Kila mtu atashika kazi mbili."

Ndivyo nilivyoingia serikalini, kwa mlango wa mkasi. Kesho yake watu wakajaa kwenye uwanja wa baraza ya mtemi, mtawala wetu wa jadi, na Bwana Anselmi akasimama juu ya sanduku akasema kwamba utemi umekwisha nchi nzima. Hakuna tena mtemi, kuna Serikali, na yeye ndiye Afisa Mtendaji wake hapa, na Serikali ni sisi wote. Nikatafsiri. Watu wakapiga makofi, maana tulikuwa tunapiga makofi kwa kila kitu siku zile. Halafu Mzee Ndaki, aliyekuwa msemaji wa wazee wa mtemi, akanyanyua mkono taratibu, akauliza kwa Kisukuma, "Tumesikia. Sasa huyo Serikali ni mtoto wa nani?" Uwanja mzima ukacheka. Nilipomtafsiria Bwana Anselmi, naye akacheka. Mzee Ndaki peke yake hakucheka. Alikuwa anasubiri jibu, na mpaka tunatawanyika alikuwa bado anasubiri.

Ofisi ikawa chumba kile kile alichokuwa mtemi anaamulia kesi. Kiti chenye ngozi kikatolewa, ikaingia meza ya mashine ya kuandikia. Ngoma kubwa ya utemi, ile ambayo ilikuwa haipigwi mpaka kuwe na jambo, ikafungiwa stoo pamoja na majembe na mabomba ya dawa ya pamba. Mtemi mwenyewe akabaki nyumbani kwake, ng'ambo ya kiwanja cha mnada wa ng'ombe, ukisimama kwenye dirisha la ofisi unauona ua wake wa minyaa. Na yeye akisimama uani anaiona bendera. Basi wakawa wanatazamana hivyo, Serikali na mtemi, miezi yote ya jua, na katikati yao ni ng'ombe tu.

Tulikuwa tunakula kwa Mama Nkwimba, banda lake lilikuwa nyuma ya duka la Mhindi. Nakumbuka ile meza, mguu mmoja mfupi umewekewa jiwe, nakumbuka ugali wa mtama mweusi kama udongo wa mbugani, na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, yameungwa karanga. Asubuhi uji na michembe. Bwana Anselmi alikuwa anatafuna kile kiazi kikavu, anasema kwao viazi huliwa vikiwa hai. Na akishiba alikuwa anafungua moyo. Alikuwa peke yake kwa eneo ambalo mtemi alikuwa na wasaidizi kila kijiji, na wasaidizi wale nao walikuwa wamefukuzwa pamoja na utemi wao. Gari hana. Mshahara wenyewe unakuja ukijisikia. Akiandika kwenda Shinyanga mjini kwamba kisima kimekauka, jibu linakuja kisima kimeshajaa, linasema: chunguza chanzo. Mimi nilikuwa namwambia, "Bwana, Serikali yako ina masikio Dar es Salaam, ina mdomo Shinyanga, hapa wametuachia miguu tu, na baiskeli yenyewe ina pancha." Alikuwa anacheka mpaka anakohoa. Siku hizi nikiona kijana kapewa cheo anang'aa macho, naukumbuka ule ucheko. Ulikuwa ucheko wa mtu aliyeshikishwa kamba, hajaambiwa upande wa pili amefungwa mnyama gani.

Kwa Mama Nkwimba ndiko nilikoanza kuyasikia maneno. Wanawake walikuwa wanaongea jikoni, moshi unapita kwenye tundu la ukuta pamoja na sauti zao. Mmoja akasema, "Umemwona mtemi? Nywele zimefika sikioni." Mwingine akasema, "Nimeona. Na wala hazijaguswa." Mama Nkwimba akasema, "Nyamazeni, Serikali anakula hapo." Wakanyamaza. Na kile kimya chao, mimi niliyekuwa na utani kwa kila kitu, sikukipatia utani.

Nieleze, maana vijana wa leo wanapanda kwa kutabiriwa na simu. Kwetu mtemi alikuwa hanyolewi kiangazi chote. Nywele zinakua, zinakua, mpaka mawingu ya kwanza. Hapo wazee wanakwenda kwake, wanamnyoa upara, zile nywele zinawekwa kwenye chungu kipya, wazee wanazipeleka wanakokujua wao. Ngoma inapigwa. Ikisikika ngoma, ndipo watu wanatoka na majembe na mbegu. Atakayepanda kabla, huyo ni mwizi, ameiba mvua ya wote. Sikuwahi kuona mtu amethubutu. Sasa utemi umefutwa kwa karatasi, sawa. Lakini karatasi haikusema nani atanyolewa.

Mawingu yakaja. Mvua ya kwanza ikanyesha ile ya kuoshea mapaa, ya pili ikalowesha ardhi vizuri kabisa, udongo unanukia mpaka unatamani kuula. Bwana Anselmi akapanda baiskeli kwa furaha, akanifunga mimi kwenye keria, tukaenda mashambani kuona wananchi wanajenga taifa. Hatukuona mtu. Mashamba yamelala yamelowa, kunguru wanatembea juu yake. Watu tuliwakuta majumbani, wamekaa kwenye vizingiti, majembe yameegeshwa ukutani, yametiwa mipini mipya.

"Mwadila," Bwana Anselmi akawasalimia, hicho Kisukuma alikuwa ameshakijua. "Mbona hampandi?"

"Tunasubiri, bwana."

"Mnasubiri nini?"

"Tuambiwe."

"Basi mimi nawaambia: pandeni!"

"Haya, tumesikia, bwana. Ahsante."

Na hakuna aliyenyanyuka. Nyumba kwa nyumba, maneno yale yale, kwa upole ule ule, utadhani wamefundishwa shule moja. Tukirudi, Bwana Anselmi akaniuliza, "Kulwa, hawa wamegoma?" Nikamwambia, "Hawajagoma, bwana. Wangegoma ungesikia kelele."

Akaamua kwenda kwa mtemi mwenyewe. Tulikaribishwa maziwa ya mgando kwenye kibuyu, tukakalishwa kwenye vigoda. Mtemi alikuwa mtu mzima, mnene, mpole, nywele zimemfunika kisogo zikamfanya aonekane kama mtu aliyetoka msituni. Bwana Anselmi akamwamkia shikamoo, akamwomba kwa adabu anyolewe, ili watu wapande.

"Barua yenu ilisema nikifanya kazi ya utemi nitafungwa," mtemi akasema. "Nimeitii. Hapa Mwamalole hakuna raia mwema kuliko mimi."

"Mimi nakuruhusu, mzee."

"Unaweza kuruhusu? Basi niandikie, utie na muhuri."

Bwana Anselmi akapapasa mfuko. Muhuri alikuwa nao, mamlaka hayo hakuwa nayo. Mtemi akamwangalia muda mrefu, bila chuki, nakumbuka vizuri hakuwa na chuki, akasema, "Mwanangu, kiti mlikiona. Miiba yake hamkuuliza." Halafu akaniambia mimi nisiache maziwa kwenye kibuyu, ni vibaya.

Bwana Anselmi akaandika Shinyanga. Safari hii jibu lilikuja upesi, ndiyo ubaya wake. Lilisema hayo ni mambo ya kale, mtemi asiguswe, wananchi waelimishwe. Kwa hiyo akaelimisha. Akamchukua kijana mmoja anaitwa Masanja, mwanachama hodari wa chama, mwenye mke na mtoto mchanga, akampa mbegu za Serikali, akamwambia wewe ndiye utakuwa mfano. Masanja akapanda mtama mchana kweupe, Bwana Anselmi amesimama pembeni, mimi nimesimama pembeni ya Bwana Anselmi. Watu walikuja kutazama. Hakuna aliyetukana, hakuna aliyezuia. Wanawake waliwafunika watoto wao macho.

Asubuhi yake Masanja alikuja kwangu kwenye baraza ya Mhindi, akanivuta mkono. Tukaenda kwake. Kwenye kizingiti palikuwa na ungo, na ndani ya ungo mbegu zake. Zote. Zimefukuliwa moja moja, zimepepetwa udongo, safi kama za kwenda sokoni. Shamba lenyewe limesawazishwa kama halijawahi kuguswa, na hapakuwa na unyayo. Mke wake alikuwa amekaa ndani amembeba mtoto. Akaniambia tangu asubuhi amekwenda nyumba tatu kuomba kaa la moto, kila nyumba wamemwambia moto umezimika, na moshi unatoka juu ya paa. Bwana Anselmi alipofika akautazama ule ungo, akachota mbegu, akaziachia zikateleza kwenye vidole. Mimi nikataka kusema neno la mzaha, kwamba angalau wamemsaidia kuchambua. Nikamsaidia Masanja kuingiza ungo ndani. Masanja alihama wiki ile ile, akaenda Geita kutafuta kazi, hatukumwona tena.

Ndipo wazee wakaja ofisini. Mzee Ndaki mbele, wengine nyuma, wakakaa chini kwenye sakafu ingawa benchi lilikuwepo. Mzee Ndaki akasema, nami nikatafsiri neno kwa neno, "Bwana, mvua itapita. Ikipita, watoto watakula majani. Mtemi amekataa, ana haki. Wewe ulituambia siku ile kazi yote ya mtemi imeingia kwa Serikali. Tumekubali. Basi tumekuja kuinyoa Serikali."

Bwana Anselmi akacheka. "Mwambie Serikali haina kichwa. Ni watu wote."

Nikamwambia. Mzee Ndaki akajibu, "Watu wote tuna vichwa. Cha nani kinakaa kwenye meza ya mtemi?"

Akaacha kucheka. Akawaomba wamwachie siku hiyo afikiri. Walipotoka akaniuliza, na hapo ndipo nilipomweleza yote, sikumficha kitu: kwamba anayenyolewa hajaruhusu kupanda tu, ameichukua mvua kichwani mwake. Ikinyesha ni yake, na isiponyesha ni yake. Kwamba babu yake huyu mtemi tuliye naye alitolewa kitini kwa fimbo jua lilipochoma mtama, na aliyemtangulia huyo hakutolewa, alizikwa. Nilisema kwa lugha nyepesi, nikamwambia, "Bwana, kiti changu ni cha bei rahisi kukikalia, ila kushuka ni kazi." Alikuwa amekaa anachezea vitufe vya ile mashine, haandiki. Akasema, "Mvua haijui mimi ni nani, Kulwa." Nikamwambia, "Kweli haijui. Lakini hawa wanajua."

Kesho yake Bwana Anselmi alikuja saa ya mchana, uwanja umejaa watu wa gulio. Akaketi kwenye kiti changu, akavua kofia, akajitazama kwenye kioo cha midomo miwili. Akasema kwa sauti ya kusikika, "Ninyoe." Nikamuuliza pembeni ya sikio, "Bwana, upara kabisa?" Akasema, "Wakipanda watakula. Mengine tutaongea na Shinyanga." Nikanoa wembe kwenye mkanda. Gulio lote likanyamaza, mpaka mbuzi unasikia wanavyotafuna. Mzee Ndaki akachuchumaa na chungu kipya, akawa anaokota kila unywele unaoanguka, hata mmoja uliopeperukia kwa muuza chumvi alikwenda kuufuata. Nilipomaliza, kichwa chake kilikuwa kidogo, cheupeupe, kina kovu la utotoni ambalo hakuna aliyekuwa analijua. Alionekana kama mtoto aliyetolewa jandoni. Wazee wakaenda stoo, wala hawakuomba ufunguo, walisimama tu mlangoni mpaka akawapa. Ngoma ikapigwa. Na wewe hujaona watu wanavyopanda kama hukuwaona siku ile: wanakimbia, wanacheka, wanawake wanapiga vigelegele, majembe yanapanda na kushuka kwa wimbo mpaka milimani. Mama Nkwimba alitupikia kuku. Bwana Anselmi alikula akawa anajishikashika kichwa, anasema, "Kulwa, hii nchi itakwenda." Mimi nikawa naangalia kwenye mlango wa jikoni. Wanawake walikuwa wamempigia magoti wakati wanamnawisha mikono. Kabla ya hapo walikuwa wanamnawisha wamesimama.

Mvua ikanyesha, mtama ukaota, ukafika magotini. Kukaletwa maziwa ofisini kila asubuhi. Watu wakawa hawamwangalii usoni. Halafu mvua ikasimama. Kusimama kwa mvua baada ya mwaka mpya ni kawaida kwetu, kila mwaka inapumzika kidogo. Lakini ile haikupumzika, ilihama. Mtama ukajikunja kama sigara. Asubuhi moja maziwa hayakuja. Kesho yake hayakuja. Kwa Mama Nkwimba tukakaa mezani, akatuletea ugali, akaweka upande wangu, upande wa Bwana Anselmi akaweka maji. Nikasema, "Mama Nkwimba, Serikali anafunga?" Akanijibu bila kunitazama, "Kula wewe, mwanangu. Wewe ni kinyozi tu." Bwana Anselmi akayanywa yale maji polepole mpaka yakaisha. Nilimgawia ugali wangu, hakuula. Nywele zilikuwa zimeanza kumwota, ncha ndogo ndogo, na kila tulikopita watu walikuwa wanaziangalia hizo, halafu wanaangalia juu.

Nikamwambia akimbie. "Baiskeli yako ipo, bwana, nitakufikisha relini." Akasema akikimbia atakuwa amekubali kwamba mvua ilikuwa yake. Nikamwambia, "Ulishakubali, kwenye kiti changu." Akasema, "Nilikubali wapande."

Walikuja asubuhi, jua limeshaanza kuuma. Hawakupiga kelele. Walitokea kila upande wa kiwanja cha mnada, wanaume kwa vijana, kila mmoja na fimbo ya kuchungia, wakawa wanatembea kwa mwendo wa kupeleka ng'ombe majini. Mimi na yeye tulikuwa ofisini. Akasimama, akavaa koti, akaweka kalamu mfukoni. Niliangalia dirishani nikamwona mtemi uani kwake, nywele zimefika mabegani, ameshika ua wa minyaa, anatazama. Nikamwita kwa mkono kama mwendawazimu, nikamwomba kwa mikono aje. Akatikisa kichwa. Si kwa ubaya. Alikuwa anaona zamu yake ikipita kwa mtu mwingine. Mzee Ndaki akafika mlangoni wa kwanza, akasema kwa upole, "Toka nje, mtemi." Alimwita hivyo. Mtemi.

Na hapo ndipo tukasikia injini. Landrova ya Shinyanga, vumbi limeifunika, ikakata katikati ya watu ikasimama mbele ya bendera. Wakashuka polisi na bwana mmoja mnene mwenye karatasi. Walikuwa hawajaja kumwokoa, walikuwa hawana habari. Walikuwa wamekuja kumkamata kwa kosa la kufufua utemi. Bwana mnene akasoma karatasi yake pale pale, watu na fimbo zao wamesimama wanasikiliza, akasema Anselmi amevuliwa cheo kuanzia leo. Nikaambiwa nitafsiri. Nikatafsiri. Mzee Ndaki akasikiliza mpaka mwisho, akageuka kwa wenzake akasema, "Ametolewa." Fimbo zikashuka. Bwana Anselmi alipokuwa anapandishwa garini alinitazama, akaanza kucheka ule ucheko wake wa kukohoa, akacheka mpaka polisi akamwambia nyamaza. Aliniachia baiskeli.

Mvua ilinyesha siku ile ile, gari halijafika Mhunze. Ilinyesha vizuri, ya kutosha, mtama ukanyooka, watu wakavuna. Hakuna aliyeshangaa isipokuwa mimi. Mwaka uliofuata akaja mtendaji mwingine, mtu mkali, kipara cha kuzaliwa. Wazee walimwangalia kile kichwa, wakaangaliana, wakaenda kupanda. Nilimpa utani mmoja tu mwaka mzima, na siusemi hapa.

Sasa nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda Kahama na wembe mkononi. Veronika akafunga mlango, nyimbo zikasikika kwa mbali. Akasema, "Babu, nikuulize. Baba alikuwa na tabia moja. Kila mwaka mawingu ya kwanza yakionekana anajifungia na wembe, akitoka ni upara. Halafu anasimama uani bila kofia, anatazama juu, tunamwita kula haji. Mama alikuwa akimwuliza, anasema joto. Mwaka huu mawingu hayajafika, mikono haishiki tena. Alilia, babu. Mzee mzima, analilia nywele."

Nikaangalia zile nywele. Nilikuwa nakumbuka simu zake. Tangu tulipopata simu, kila mwaka mwezi kama huu alikuwa ananipigia, hata salamu hamalizi: Kulwa, kumenyesha huko? Wamepanda? Nilikuwa nadhani ni mazungumzo ya wazee. Cheo walimvua kwa karatasi, mbele yangu, mimi mwenyewe nikatafsiri. Kumbe kile kingine, cha mvua, hakuna aliyemvua.

Nilimlowesha kichwa kwa maji ya vuguvugu nikamnyoa taratibu, kutoka paji kwenda kisogoni, mpaka likatokea lile kovu. Nikatandaza kitambaa changu, nikaanza kuokota. Nilipiga magoti, nikatazama kwenye mikunjo ya shuka, chini ya mto, sakafuni mpaka uvunguni, nisiache hata mmoja. Nje radi ikaunguruma, mbali, upande wa Kishapu. Veronika alikuwa ananitazama ninavyofunga kile kitambaa fundo.

"Unazipeleka wapi, babu?"

"Nyumbani," nikamwambia. "Hawajapanda bado."